Beki Aliyelelewa Kunyamaza

Msimu wa usajili ukikaribia hunijia vijana. Wengine wanatoka Muyeye na Maweni, wengine wamekuja kutoka Lamu na kulala kwa jamaa zao hapa Malindi, na wote huwa na swali moja: beki anafanyaje akadumu? Namna ya kufika hawaniulizi, wanadhani wanaijua. Wamewaona mabeki waliowika misimu miwili wakapotea, na wamewaona wengine wakivaa jezi ya taifa mpaka wakaanza kuota mvi. Mimi niko katikati ya hao. Nilicheza ligi kuu miaka mingi nikiwa beki wa kati, niliitwa kambi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, zaidi ya mara moja, na mechi za kimataifa nilizoingia ni chache mno za kumtajia mtu. Lakini nimelala chumba kimoja na waliodumu. Nimewatazama wakila, wakibishana na makocha, wakidai pesa zao. Mengi ninayoyajua niliyapata kwa kuwatazama.

Nianze na nyumbani, maana kilichonisumbua zaidi uwanjani nilitoka nacho huko, ingawa sina lawama kwa aliyenilea.

Nimezaliwa Shela, ile ya Malindi, si ile ya Lamu ambayo watalii huiulizia. Kwetu mtoto alinyamaza mkubwa akisema. Ukipita barazani unatoa shikamoo, unaitikiwa, unapita. Madrasa ni vivyo hivyo: maalim akisoma unasikiliza, hujibu mpaka uulizwe. Nikakua kijana mrefu, mpole, asiye na chenga hata moja, na mtaani kwetu mrefu asiye na chenga anawekwa nyuma. Basi nikawa beki. Tulicheza uwanja wa Alaskan jioni baada ya alasiri, vumbi likituingia puani, na kwa muda mrefu nikaamini kazi ya beki ni kupiga mpira mbali na kurukia vichwa.

Kipa wetu alikuwa mtu mzima, mvuvi, rafiki wa baba yangu. Sikukuu ya Idi alikuja kwetu akakaa mkekani na kula biriani. Tulimwita Ami. Siku moja ikaja krosi ya juu, mimi naiendea na Ami naye anaiendea. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, "Wangu!" Lakini nitampigiaje kelele mtu ambaye asubuhi nilimbusu mkono? Nikasita, naye akasita akidhani nauchukua mimi. Mpira ukaanguka katikati yetu na straika wao akausukuma wavuni kwa ugoko, wala hakuhitaji kupiga shuti.

Nilitarajia kutukanwa. Ami alinishika bega akaniambia: "Mwanangu, ndani ya chaki niite hata kwa jina langu tupu, ila nisikie sauti yako. Hiyo shikamoo utanipa tukishatoka."

Kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua hatua nyingine. Juma zima alinitoa kwenye mazoezi ya mpira, akanisimamisha nyuma ya goli na kuniamuru nitangaze mchezo kwa sauti kama mtangazaji wa redio: nani ana mpira, nani yuko wazi, nani amesinzia. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Siku za kwanza nilitangaza yaliyokwisha kutokea. Mwisho wa juma nikaanza kutangaza yatakayotokea, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nikijifunza kusema peke yake. Ili useme lazima uwe umeona, na ili uone lazima ugeuze shingo. Beki mwenye kimya mara nyingi ana shingo ngumu pia: anautazama mpira tu, wakati mtu wake keshampita mgongoni.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanze wapi, namwambia aanze na maneno machache mafupi. "Mtu!" kwa mwenzako anayefuatwa nyuma. "Peke yako!" kwa mwenye nafasi ya kugeuka. "Panda!" mpira ukishapigwa mbali na lango lenu, ili mstari wa mabeki utoke nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. "Usimwingie!" kwa beki wa pembeni mwenye pupa. Tanguliza jina, kisha amri, maana ukisema "kushoto" bila jina watageuka watu wanne. Na liseme mapema. Neno likichelewa huwa lawama, na lawama haijawahi kuokoa goli.

Nilipofika Mombasa kuchezea ligi, wenzangu wengi walikuwa wa bara, na Kiswahili changu kikawa kichekesho cha basi zima. Kulikuwa na kiungo aliyeniigiza: "Ndugu yangu, nakuomba tafadhali urudi nyuma kidogo, kuna bwana anakuja." Akamalizia, "Ukifika kwenye 'bwana', tayari tumefungwa." Alisema kweli. Adabu ya Pwani ina sentensi ndefu.

Upepo nao una somo lake, na hili vijana wa Lamu wanalijua kuliko sisi. Wakati wa kusi ukicheza kule Lamu, uwanja wa Twaif, kuna dakika sauti haiendi popote, unaona mdomo wa mwenzako unafunguka na husikii kitu. Mpira wa juu nao haufiki pale macho yanapokuambia utafika, ama unarudi ama unazidi. Tulipokwenda kucheza huko nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kutumia mikono: mkono juu tunapanda, kiganja chini tunakaa. La pili ni kutouvizia mpira wa juu kutoka mbali. Unauachia upepo ufanye kazi yake, wewe unashughulika na mwili wa straika, unamgusa kwa mkono mmoja mgongoni ili ujue anakwenda wapi, na unaruka mwisho. Wageni waliozoea viwanja vya Nairobi walikuwa wakiruka mapema na kubaki hewani wakiushangaa mpira.

Sura ya beki anayesema nilikuwa nimeiona kabla ya hapo, mwaka 2004, Kenya ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Tulijazana mbele ya televisheni moja mtaani. Gumzo la wote lilikuwa mshambuliaji wetu Dennis Oliech. Mimi nilimtazama nahodha, Musa Otieno. Yeye alizaliwa Nairobi, akajenga maisha yake ya soka Cape Town katika klabu ya Santos, na alikuwamo walipotwaa ubingwa wa Afrika Kusini msimu wa 2001/02. Timu ya taifa aliichezea tangu miaka ya tisini hadi karibu na 2010. Sauti yake kwenye televisheni husikii, lakini mkono wake haukutulia. Tulifungwa na Mali 3-1, tukafungwa na Senegal 3-0, na hata mambo yalipoharibika alikuwa bado anaonyesha, anapanga, anamvuta mtu arudi. Kisha tukaifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo tangu tuanze kuzicheza mwaka 1972. Watu walitoka nje kushangilia washambuliaji. Mimi nilibaki na ile sifuri.

Kambini nilikutana na mmoja wa aina hiyo ana kwa ana. Jina lake silitaji, kwa kuwa hapendi. Alikuwa amelichezea taifa miaka mingi, magoti yote mawili yana makovu, na katika mbio za mita thelathini alikuwa wa mwisho kila siku bila kuona haya. "Mbio zangu zilikwisha zamani," aliniambia, "hizi ni za kuazima." Bado alikuwa wa kwanza kupangwa.

Nilimchunguza. Saa mbili kabla ya mechi aliingia uwanjani peke yake na ndara miguuni, akazunguka kumi na nane zote mbili akiibonyeza nyasi kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa akitafuta mahali palipo na maji chini, mahali mpira utateleza na mahali utakapokwama. Wapinzani walipopasha misuli hakutazama mashuti yao. Alitazama mguu wanaoutanguliza wakigeuka, nani amefunga bandeji pajani, nani anazungumza na nani. Na kwenye mchezo wenyewe alikuwa na hila moja ambayo ningependa kila beki wa Pwani aijue: kiungo wa upinzani akiinua kichwa tu, kabla hajaupiga mpira, yeye amesharudi hatua mbili. Hatua mbili hizo zilimfaa kuliko kasi ya kijana wa miaka ishirini, kwa sababu kijana anaanza kukimbia mpira ukishapigwa. Watu walisema "ana bahati, mpira unamfuata."

Mazoezini aliomba kila Jumanne apambanishwe na mshambuliaji mwenye kasi kuliko wote. Alipitwa mara nyingi, tena mbele ya waandishi. Nilimuuliza kwa nini anajiaibisha hivyo. Akasema afadhali apitwe Jumanne akajua ni upande gani, kuliko kuambiwa Jumamosi na watu elfu kumi.

Kwa refa alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakubisha. Alikwenda akiwa na mikono nyuma, akauliza kwa upole, akasikiliza, akarudi. Hapo malezi yangu yalinisaidia mno, na wenzangu wa bara ndio waliokuwa na shida. Kadi zangu nyingi zilikuwa za rafu, si za mdomo. Pia alisoma sheria. Tangu 2016 beki akimwangusha mtu aliye peke yake na goli ndani ya eneo la penalti, iwapo alikuwa akiwania mpira kwa haki, hupewa njano na penalti badala ya nyekundu. Akimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu iko pale pale. Tangu 2019 mpira wa goli, ule timu inaouanzisha kutoka langoni kwake, unaweza kupokewa ndani ya kumi na nane, si lazima utoke nje kwanza. Nimeona mabeki wa ligi za kaunti wasiojua hata moja kati ya hayo, na mmoja nimemwona akimvuta mtu jezi badala ya kuunyooshea mpira mguu, akatolewa.

Benchi nitalipitia haraka. Ukiitwa timu ya taifa ukakaa benchi, watu wa mtaani watakuuliza kwa nini hukuonekana, na jibu huna. Beki hubadilishwa kwa nadra, kwa hiyo beki wa akiba anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuchafua soksi. Fanya mazoezi kama anayeanza, usimnunie aliye mbele yako, kula chakula chako ulale. Heshima ya taifa nayo haina mkataba. Nadir Haroub, yule beki wa Zanzibar na Yanga aliyeitwa Cannavaro, aliiongoza Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwa muda mrefu, na mwaka 2016 akatangaza kustaafu timu hiyo baada ya unahodha kupewa Mbwana Samatta. Wapo waliomlaumu. Mimi sikuweza, kwa sababu nimeona chumbani jinsi mtu anavyonyamaza jina lake lisiposomwa. Na kuna wakati hata kosa si lako wala la kocha: Kenya iliposimamishwa na FIFA, shirikisho la soka duniani, kuanzia Februari 2022 hadi Novemba mwaka huo, beki wa miaka thelathini na kitu alipoteza mechi ambazo hazitarudi.

Kwa upande mwingine kuna waliovumilia wakavuna. Katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ile ya wachezaji wa ligi za nyumbani, nahodha wetu alikuwa beki wa kushoto Abud Omar, mtu aliyekwisha kuzunguka klabu za Ugiriki, Bulgaria na Ubelgiji. Mechi nne za kundi tulifungwa bao moja tu, lile la Angola. Robo fainali dhidi ya Madagascar bao letu lilitiwa na beki, Alphonce Omija, kabla hatujatolewa kwa penalti. Niliangalia na wanafunzi wangu, nikawakataza kuangalia mpira kwa dakika kumi. Waliangalia mabeki tu. Mmoja akasema, "Kocha, hawa wanaongea kama wako sokoni."

Sasa nije kwenye lile ambalo limewamaliza mabeki wengi kuliko magoti: ofisini.

Mtoto aliyelelewa kunyamaza akiingia ofisi ya klabu hunyamaza pia. Enzi zetu wengi tulisajiliwa juu ya boneti ya gari. Unapewa kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili, unaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, unapewa bahasha, na nakala ya mkataba unaambiwa utaletewa. Haikuletwa. Mshahara ulipokawia mwezi mmoja tukasema subira. Ulipokawia wa pili tukaambiana "Mzee Mwenyekiti anahangaika, tusimsumbue." Wengine walikuwa wanalala njaa wakiona haya kumwomba mtu mzima haki yao. Mama yangu alikuwa akinitumia samaki wa kukaanga kwa basi la Malindi, mimi mchezaji wa ligi kuu.

Yule mkongwe wa kambini nilimpigia simu. Hakuniambia nikagombane. Aliniambia niandike barua. Barua fupi, yenye tarehe, ya heshima, inayotaja miezi inayodaiwa na kiasi, nipeleke nakala mbili, moja ibaki kwao na moja igongwe muhuri wa kupokelewa nirudi nayo. Niliandika. Nililipwa sehemu. Pia niliwekwa benchi mechi kadhaa bila maelezo, na kiongozi mmoja aliniita "mwanasheria" mbele ya wenzangu kwa msimu mzima. Nayasema haya ili mtu asidhani kudai ni bure. Lakini karatasi ile yenye muhuri ndiyo iliyonisaidia nilipoondoka, maana bila yake ningekuwa na maneno matupu.

Siku hizi kijana ana silaha zaidi. Kanuni za uhamisho za FIFA, tangu 2018, zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, mradi aipe klabu notisi ya maandishi na siku zisizopungua 15 za kulipa. Hapa nyumbani kuna Mahakama ya Mizozo ya Michezo iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Mkataba usiwe zaidi ya miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Sema tu, "Naomba nikamwonyeshe baba." Hilo hata mpole kabisa analiweza, na hakuna mwenyekiti atakayekasirika mtu akimtaja baba yake.

Viongozi wa timu za mitaa nao wana lao. Mchezaji akiuzwa nje kwa ada, asilimia 5 ya ada ile hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Klabu ya Malindi au Lamu inaweza kupata pesa za mipira na neti kwa miaka, lakini lazima mtoto awe alisajiliwa kwa jina lake halisi, tarehe yake halisi, na klabu iwe kwenye mfumo wa usajili. Timu zetu nyingi zinaandika majina kwenye daftari la mazoezi, tena lakabu. "Kipepeo, namba nne." FIFA hawamjui Kipepeo.

Na kuna mawakala. Kwa watu wa Pwani wimbo wao ni Oman na nchi za Ghuba. Binamu yangu, beki wa kulia mzuri kunishinda, aliahidiwa majaribio Muscat akiwa na miaka kumi na saba. Mama yake akauza bangili zake za dhahabu, zile za harusi, ili kulipia viza na "ada ya majaribio". Simu ya wakala ikazimwa kabla hata pasipoti haijatoka. Laiti angejua mtu mmoja tu katika ukoo kwamba uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa hali chache, wangeshtuka mapema. Tangu 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, na majina yao yako wazi mtandaoni. Muulize jina lake kamili, litafute. Binamu yangu sasa anaendesha tuktuk mjini, na mechi za Jumapili hachezi tena. Bangili hazikurudi.

Goti lilikuja mazoezini, bila mtu kunigusa. Nilitua baada ya kuruka kichwa, mguu ukabaki nyuma mwili ukageuka, nikasikia mlio kama fito inavunjwa. Maumivu yalipoa baada ya nusu saa na nikataka kuendelea, na hapo ndipo hatari ilipo, maana goti lililokatika kano ya mbele linaweza kukudanganya ukatembea nalo hadi nyumbani. Klabu ililipia picha ya kwanza. Upasuaji ulilipwa na akiba yangu, mchango wa familia na bima ya serikali, iliyokuwa ikiitwa NHIF na sasa ni SHA, ambayo haikufika hata nusu ya gharama. Kabla ya kutia sahihi popote, uliza: nikiumia nani analipa, mpaka lini, na mshahara unaendelea? Wakuandikie, wasikuambie tu.

Madaktari wengi hushauri miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Kocha alitaka niwahi. Mimi pia nilitaka niwahi, kwa sababu beki mwingine alikuwa ananawiri mahali pangu na nilimchukia kimoyomoyo bila kosa lake. Aliyenizuia ni mtaalamu wa viungo, mwanamke mmoja mkali, aliyekataa kunipa ruhusa mpaka niruke kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuingia ndani, sawa na mguu mzima. Nilirudi Malindi. Maji yakipwa asubuhi nilitembea baharini Silversands, maji kifuani, huku na huku, wavuvi wakinidhihaki kwamba nimepoteza pete. Nililia mara kadhaa huko, na uzuri wa bahari ni kwamba uso umeshalowa. Mwaka 2019 niliposikia kwamba Brian Mandela, beki wa Kenya, ameumia goti kambini Ufaransa, siku chache kabla ya fainali za Afrika kule Misri, nilizima redio. Mtu anaifanyia kazi safari hiyo miaka, na Kenya inakwenda kumfunga Tanzania 3-2 yeye akiwa na magongo.

Niliporudi, kasi ilikuwa imepungua na haikukua tena. Ndipo zile hatua mbili za mkongwe zikawa zangu. Nikacheza misimu mingine kadhaa, na kusema kweli nilikuwa beki bora kuliko nilipokuwa na miguu mizima. Ramadhani nilijipangia mazoezi mazito baada ya tarawehe na mepesi kabla ya futari, na makocha wote nilioeleza mapema walikubali. Waliogoma ni wale ambao wachezaji walisubiri mpaka siku ya mechi ndipo waseme wamefunga.

Mwisho wangu haukuwa na sherehe. Mdhamini mkuu wa ligi alikuwa ameondoka 2019, mishahara ikawa ya kubahatisha, kisha Machi 2020 korona ikasimamisha ligi, na bingwa akatangazwa bila msimu kumalizika. Mechi yangu ya mwisho niliicheza bila kujua kuwa ni ya mwisho. Kilichonisitiri ni hisa ya mashua ya uvuvi niliyonunua kwa pesa za usajili nikiwa bado kijana, kwa shinikizo la mke wangu aliyesema bahasha ile isiponunua kitu kinachoelea itazama. Mashua inahitaji kutiwa kalafati kila mwaka na nahodha wake ni mbishi, ila karo inalipika.

Sasa ninafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na tano. Sehemu ya kwanza ya mazoezi hakuna mtu anayeruhusiwa kupokea pasi ambayo hakuiita kwa sauti. Wazazi wanaotaka kuwaleta, njooni Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda, na nakala ya cheti cha kuzaliwa, chupa ya maji, na jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti. Kama mtoto ni mpole sana, msimwambie mapema kwamba atatakiwa kupiga kelele. Atakataa kuja.